Abiria wa Mkunga

Mwanga ulipanda ukutani vidole vinne, na hapakuwa na mtu aliyeupandisha.

Fundi aliuona ukipanda. Alikuwa amesimama kando ya pikipiki, bisibisi mkononi, macho yake kwenye ukuta wa mwisho wa kontena lililokuwa karakana yake. Jasho lilimchuruzika mgongoni kama aliyemwagiwa kopo la maji. Nje ilikuwa saa saba mchana, jua la kukaanga utosi. Ndani, milango ya chuma ikiwa imefungwa, mlikuwa na giza totoro, na katika giza hilo duara la mwanga mweupe wa taa ya pikipiki lilikuwa limetulia pale alipolitaka. Kisha likajiinua, polepole, kama mtu anayeinua kidevu aone vizuri. Springi za nyuma za pikipiki zikalia. Halafu zikasikika sauti mbili za chuma kugonga chuma: tak. Tak.

"Hee," alisema fundi.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei. Mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya, ingawa hakuwahi kuzaa, nyaya wala mtoto. Kazi yake ilikuwa umeme wa pikipiki. Wanaume waliokuja kwake mara ya kwanza walimuuliza fundi yuko wapi, naye aliwajibu, "Ametoka, ameniachia mikono yake." Mara ya pili hawakuuliza.

Pikipiki iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mdogo wake, mkunga, ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Ilikuwa kuukuu kwelikweli, zile ambazo taa hula umeme moja kwa moja kwenye injini: ukivuta mafuta inawaka, ukipunguza mwendo inasinzia kama mzee aliyeshiba. Sasa mkunga haendi kazini kwa saa anayoitaka yeye, huenda kwa saa anayoitaka mtoto. Wiki mbili kabla, taa ilisinzia kwenye kona na mkunga akaishia mtaroni. Alitoka na goti limechubuka, akaenda akazalisha akiwa na tope hadi kiunoni.

"Lete hilo kaburi lako lenye magurudumu," dada yake alimwambia, "nilitie macho kabla hujalala ndani yake."

Basi alilitia macho. Alitoa nyaya zote za zamani, zilizokuwa zimekauka na kupasuka kama visigino vya mvivu, akavuta mpya. Akasuka upya koili inayozalisha umeme, akafunga betri kubwa, na kile kidude cha kugeuza umeme wa injini uwe wa betri, ili taa isiombe ruhusa ya mwendo tena. Akaweka taa za LED mbele, LED kwenye breki, LED kwenye indiketa. Indiketa zilipopepesa haraka kama macho ya mwongo, akabadilisha flasha, kile kinachozipepesa, zikatulia. Kikabaki kitu kimoja tu, kupima mwanga.

Na hapo ndipo alipokosea, yeye aliyekuwa hakosei.

Pikipiki tupu ina uongo wake. Akipanda mtu, nyuma inazama, pua inainuka, na mwanga unainuka pamoja na pua. Kwa hiyo fundi mwenye akili hapimi taa ya pikipiki tupu. Anakalisha mtu, halafu ndiyo anashusha mwanga mpaka kwenye alama ya chaki ukutani. Siku zote mkaaji wa Mama Nyaya alikuwa jirani yake mchomeleaji, mtu wa kilo nyingi na kazi kidogo, aliyependa kukaa humo kwa sababu ndipo mahali pekee mkewe hakuwahi kumtafuta. Siku hiyo mchomeleaji alikuwa msibani. Fundi alikuwa ameshafunga milango, ameshaisimamisha pikipiki wima kwa kamba mbili kutoka kwenye vyuma vya juu, na kutoka tena juani kutafuta makalio ya kuazima aliona uvivu. Akasema kwa sauti, kwa masihara, kama anavyojisemea mtu aliye peke yake:

"Haya, anayetaka kukaa akae!"

Na mwanga ukapanda vidole vinne.

Mama Nyaya hakuwa mtu wa kutetemekea mambo. Alijiambia springi zimechoka, chuma kimepata joto, kamba imelegea. Akashusha mwanga mpaka kwenye chaki, akakaza skrubu, akafungua milango. Jua lilipoingia, aliona vikanyagio vya abiria, vile vya kukunjwa, vimeshuka vyote viwili. Yeye hakuvishusha. Akavikunja kwa ncha ya kiatu. Cha kulia kilikubali. Cha kushoto kilikataa kidogo, kama kuna kitu juu yake, kisha kikakubali.

Siku ya nne mkunga alirudi amefura.

"Dada, taa yako inapiga mbinguni!"

"Taa yangu?"

"Ya nani, yangu? Kila anayekuja mbele yangu ananitukana mpaka marehemu mama. Mmoja kasimamisha gari aniulize kama natafuta ndege."

"Unabeba nani nyuma?"

"Nibebe nani? Mkoba wangu na glovu zangu."

"Mkoba haupandishi taa."

"Basi ni fundi aliyepandisha," alisema mkunga, akacheka, na dada yake hakucheka naye.

Wakafunga milango. Mkunga akakaa, miguu juu, kamba zikaishika pikipiki. Mwanga ulipita chaki kwa shubiri nzima. Mama Nyaya aliutazama muda mrefu. Alijua uzito wa mdogo wake kama anavyojua uzito wa nyundo yake, na mwili ule mwembamba haukuwa na haki ya kupandisha taa shubiri nzima. Alinusa pia. Chini ya harufu ya mafuta na mpira palikuwa na nyingine, baridi, kama ya chumba kilichofungwa miaka mingi na ndani yake kitu kililowa na hakikuanikwa.

"Umepita wapi na hii pikipiki? Inanuka."

"Mimi nanuka dawa, dada. Ndiyo kazi yangu."

Fundi akashusha mwanga. Mkunga alipoondoka, mlio wa springi ulimfuata barabarani, nye-nye, nye-nye, mlio wa pikipiki iliyobeba wawili.

Zikapita siku tisa. Safari hii mkunga hakuingia na maneno. Aliiegesha pikipiki nje, akaja akiwa amepinda mgongo kama aliyebeba gunia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama mlango kwanza ndipo akafungua mdomo.

"Dada. Kuna mtu."

"Wapi?"

"Punguza sauti." Alijishika kiuno. "Nyuma yangu. Mwanzo ilikuwa nikiendesha tu. Nasikia tak, tak, vikanyagio vinashuka. Halafu mikono. Inanizunguka hapa, kama abiria anayeogopa mwendo. Nikasema nimechoka, nalala kidogo, naota. Sasa nikishuka hashuki."

"Hashuki vipi?"

"Yupo sasa hivi."

Mama Nyaya alitazama. Hakuona kitu mgongoni kwa mdogo wake. Ila gauni lake pale kiunoni lilikuwa limekunjamana na kubana, mikunjo kumi, mitano huku na mitano huku, na mtu akipumua gauni huachia, hili halikuachia.

"Juzi nilikuwa na mama, mimba ya kwanza," mkunga alinong'ona. "Yuko kwenye uchungu, ananitazama begani. Akaniambia, dada mkunga, mwambie mwenzako atoke nje, mimi sijavaa. Nikamwambia niko peke yangu. Akageukia ukuta, akalia mpaka mtoto anatoka, hakunitazama tena. Na jana, dada, jana kwenye mlima wa kisima, amekuwa mzito, kila siku anaongezeka, nikavuta mafuta nipande na usukani ukawa mwepesi mikononi kama sinia tupu, tairi la mbele likaacha ardhi, nikaona taa inamulika matawi, sioni barabara, naona matawi tu, na lori linakuja. Sijui lilinikosaje."

"Acha kuendesha."

"Na wanawake watatu wa mwezi huu niwaambie nini? Wabane miguu?"

Fundi alimtazama. Aliona shingo ya mdogo wake ilivyokonda ndani ya siku tisa, mishipa imetoka kama nyaya zilizovuliwa mpira, akajua hesabu yake ni fupi: lori la pili halitakosa, na lori likikosa, mgongo utavunjika wenyewe. Alimwacha amelala kwenye magunia, akavua aproni akaenda kwa mganga.

Mganga huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule, bibi wa miwani minene, na hakuacha kushona kwa sababu ya jini la mtu. Alisikiliza huku cherehani ikikimbia. Ilisimama mara moja tu.

"Rudia ulilosema."

"Nilisema, anayetaka kukaa akae."

"Saa ngapi?"

"Saa saba. Gizani. Nimefunga milango."

"Saa saba, gizani, milango imefungwa," bibi alirudia, akimtazama juu ya miwani. "Na huo mdomo umesoma shule gani? Wenzako hata wakiwa wehu huchagua saa."

"Bibi, niambie namna ya kumfukuza."

"Umfukuze kwa uso gani? Hakuvunja mlango. Umemwita, kaja. Ukimfukuza atashuka na mgongo wa mdogo wako mkononi." Akakata uzi kwa meno. "Mpe pengine pa kukaa. Kwa mdomo uleule, saa ileile, giza lilelile."

"Nina kiti kizuri cha mbao."

"Kiti kinakwenda wapi? Huyo alikaribishwa kwenye kitu cha safari. Hakai kwenye kitu kilichosimama."

"Mbuzi, basi. Punda."

"Punda ameulizwa? Mdogo wako hakuulizwa, ndiyo maana anakondeshwa. Apewe mwenye pumzi, anayejua anachokibeba, na akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Aliyekubali hukaliwa tu, halafu basi. Asiyekubali huliwa."

Cherehani ikaanza tena. Mama Nyaya alikaa akitazama sindano ikipanda na kushuka. Kwa muda mfupi alimfikiria mchomeleaji, mgongo mpana ule usio na kazi, kisha akaona aibu, si nyingi lakini ya kutosha.

"Hukaa muda gani?" aliuliza.

"Unauliza kama mtu anayepangisha chumba," alisema bibi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Muda wa uhai wa mbebaji, mwanangu."

Kesho yake, saa saba kasoro, fundi alimwambia mdogo wake kwamba mganga ametoa maneno ya kusema, hakuna zaidi. Uongo huo aliusema akiwa anafunga kamba, asitazamwe usoni.

"Maneno matupu? Hakuna dawa?"

"Ulitaka sindano? Panda."

Mkunga alipanda kwa shida, akijivuta kama mwanamke wa miaka tisini. Springi zilizama mpaka mwisho zikagota. Mama Nyaya akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili, akasukuma komeo, na giza likawafunika. Akawasha swichi, na mwanga haukwenda ukutani kabisa, ulikwenda darini, ukakata kontena katikati ukionyesha kutu na utando wa buibui, na chini yake mambo yote yakawa meusi, pikipiki, kamba, mdogo wake, na kile kilichokuwa nyuma ya mdogo wake.

"Funga macho," alisema fundi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema mimi."

"Dada, naogopa."

"Ogopa ukiwa umefumba."

Nje mtu alipita akiburuta ndala, mzima, akienda zake kula, na fundi alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea wivu mtu tajiri. Harufu ile ya kitu kilicholowa ilikuwa imejaa mpaka ikawa na ladha ulimini, ladha ya sarafu ya zamani, na katika joto lile la kontena la saa saba, joto la kuivisha yai, mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi kuanzia kiganja hadi bega. Akasogea mpaka ubavuni mwa kiti. Alisikia pumzi mbili. Moja ya mdogo wake, fupi fupi. Nyingine ndefu, isiyo na haraka, ikitoka mahali palipo juu kidogo ya kichwa cha mkunga, pumzi ya mtu aliyetulia kwenye kiti chake akisubiri gari liondoke.

"Wewe uliyekaa," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo akaichukia, akaanza upya. "Wewe uliyekaa. Aliyekukaribisha ni mimi, si huyu. Huyu hajui habari yako. Umekalia pasipo pako."

Pumzi ndefu ilikatika.

"Dada, amegeuka," mkunga alinong'ona. "Amegeuka anakutazama."

"Usifumbue macho. Sikiliza, bwana mkubwa, au bibi mkubwa, sikujui. Hapa ulipo pamechoka, patavunjika wiki hii, nawe utabaki umekaa barabarani. Mimi ninazo nguvu. Natembea, nabeba mabetri, nasimama kutwa. Najua ninachokisema na hakuna aliyenilazimisha." Akageuka, akaupa ule weusi mgongo wake, na kuugeuzia mgongo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyopata kufanya, maana mwili mzima ulimkatalia kama ng'ombe anayevutwa majini, miguu ikataka mlango, shingo ikataka kugeuka ione, naye akaishika shingo kwa nguvu za ukaidi wake wote wa miaka hamsini na ushei, akainama kidogo, viganja juu ya magoti, kama mtu anayembeba mtoto, akasema maneno ambayo safari hii hayakuwa na masihara ndani yake hata chembe: "Anayetaka kukaa, akae hapa."

Hakuna kilichotokea. Tone la jasho lilidondoka puani mwake likagonga sakafu. Akalihesabu. Likadondoka la pili. Kisha tak, kikanyagio kimoja kikajikunja nyuma yake, taratibu, kama kimekunjwa na mguu wenye adabu. Tak, cha pili. Na springi zikaanza kupanda zikilia, na juu darini mwanga ukaanza kuteremka, ukaacha kutu, ukaacha utando, ukashuka ukutani, shubiri baada ya shubiri, naye akiutazama kwa jicho la ufundi ambalo hata hofu haikuliua, ukashuka mpaka kwenye chaki, ukapita chaki kwa vidole kadhaa, ukatulia. Pikipiki ilikuwa na mtu mmoja juu yake, mwanamke mwembamba.

Halafu uzito ukaja.

Haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama mtu mstaarabu anavyopanda, kwanza mikono mabegani, kisha magoti mbavuni, kisha mwili wote, baridi, umelowa, ukajipangapanga mpaka ukapata mahali. Kidevu kikatua kwenye utosi wake. Goti lake la kushoto lilitaka kukunjika, akalikatalia. Akashika ukingo wa meza ya kazi.

"Dada!" Mkunga alikuwa amenyooka juu ya kiti, ameinua mikono yote miwili juu kama mtoto anayevuliwa shati. "Dada, ameshuka! Mgongo wangu! Ameshuka, ameshuka!"

"Nimeona ukutani."

"Ameenda wapi?"

"Alikotoka. Nilimjua kwao?"

Mkunga alicheka, akalia, akacheka tena. Alishuka, akafungua milango mwenyewe, jua likaingia kama maji. Alimkumbatia dada yake kutoka mbele, kisha akarudi nyuma hatua moja akisugua mikono.

"Mbona una baridi hivyo?"

"Hofu. Mimi si chuma."

"Na mbona umeinama?"

"Uzee. Nipishe nipandishe hii taa kidogo, imeshuka sana sasa."

Alichukua bisibisi. Ilimchukua muda kufika mbele ya pikipiki, hatua nne tu, lakini mdogo wake alikuwa ameshapigiwa simu na alikuwa anaongea haraka, akiuliza maji yamevunjika saa ngapi, uchungu unapishana dakika ngapi, huku akifungua mkoba kuangalia glovu. Fundi alikaza skrubu, akaridhika na chaki, akafungua kamba zote mbili.

"Sina hata muda wa kukushukuru," alisema mkunga, akiwa tayari juu ya kiti, mgongo wake wima kama mlingoti.

"Nani kakuomba? Nenda, mtoto hasubiri shukrani zako."

Pikipiki iliingia barabarani. Haikulia nye-nye. Taa iliwaka mchana kweupe, nyeupe, imelala chini kwenye lami pale taa nzuri inapotakiwa kulala, na Mama Nyaya aliitazama mpaka ikakata kona.

Mchomeleaji, aliyerudi msibani, alichungulia mlangoni na kikombe chake mkononi. "Nasikia ulikuwa unapima taa bila mimi. Ulimkalisha nani?"

"Nimepata mwingine."

"Mzito kama mimi?"

"Anakaribia," alisema fundi. "Toka mlangoni, unaniziba mwanga."

Alipoondoka yule, palikuwa na pikipiki mbili zinazosubiri, moja haina honi, nyingine indiketa za kulia zimekufa. Fundi alizitazama. Aliinama kuokota koleo lililoanguka, na kuinuka kukachukua muda, mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye meza. Kwenye aproni yake, pale kiunoni, kitambaa kilijikunja chenyewe, mikunjo mitano huku, mitano huku.

"Sasa wewe," alisema, hakugeuka nyuma. "Kama unakaa, kaa vizuri. Usinivute upande mmoja. Tuna kazi mpaka jioni."

Mikono ikamkaza kiunoni, kama ya abiria aliyesikia gia ya kwanza ikiingia.